Msamaria Alilipia Nyumba ya Wageni



Wapendwa ndugu zangu, tafakari ya wiki hii imezaliwa barazani, baada ya Misa ya asubuhi. Bibi mmoja aliyevuka miaka sabini aliketi kwenye ngazi, akajifuta uso kwa pindo la kanga, kisha akaniuliza, "Baba, nikifa mimi, huyu nitamwachia nani?"

"Huyu" ni mwanawe, mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini. Ameugua kifafa tangu utotoni. Siku moja alianguka motoni, mkono wake wa kulia ukakunjamana, na akili yake haikupata kukua sawa na ya wenzake. Anajua kufagia uwanja, anajua kucheka, na anamtambua mama yake kwa kusikia hatua zake tu. Zaidi ya hapo hutegemea watu. Bibi ameniruhusu kuisimulia habari hii bila kutaja jina, nami nimemwahidi kwamba nitaisimulia kama ilivyo.

Sisi wa bonde la Kilombero tunajua msimu wa mpunga ulivyo. Mvua zinapoanza, familia nyingi hufunga nyumba zao, huhamia mashambani na kukaa madunguni kwa miezi kadhaa, kulima, kupalilia na kuamia ndege, hadi mavuno. Bibi huyu hawezi kwenda na mwanawe kule. Mahali penye maji kila upande na moto wa kupikia ulio wazi hapamfai mgonjwa wa kifafa. Kumwacha nako hawezi. Na asipolima, hawali. Basi msimu uliopita alimfunga mwanawe kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba, kamba ndefu ya kumfikisha chooni, akamwomba jirani ampelekee uji, akaenda kupalilia ekari yake moja. Kila siku ya tatu alirudi kumwangalia. Alipokuwa akinieleza hayo hakulia. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Kabla ya kufika kwangu alikwisha kuomba msaada kwingine. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, aliambiwa kwa adabu kwamba fedha za watu wenye ulemavu zipo, ila hutolewa kwa mkopo. Kwa hiyo mwanawe aanzishe mradi. Akauliza, mradi gani? Akajibiwa, hata wa kuku.

Nimeitafakari habari ya kuku hao wiki nzima, na sasa nataka kusema bila kuzunguka. Halmashauri zetu za bonde hili zina wajibu wa kujenga nyumba kwa ajili ya watu wazima wasioweza kuishi peke yao, na kuziendesha. Sisemi kambi, wala jengo kubwa lenye ukuta na geti nje ya mji. Nasema nyumba za kawaida, ndani ya mitaa na vijiji vyetu, wakae watu wanne au watano katika kila nyumba, pamoja na mlezi aliyefundishwa kazi na anayelipwa mshahara. Mlango uwe mpana, choo kiwe karibu, jiko liwe limeinuliwa na kukingwa, na dawa za kifafa au za afya ya akili zitolewe kwa saa yake. Anayeweza kufagia afagie, anayeweza kulima bustani alime, na ndugu waje kumtembelea jioni. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ninajua kwamba kuna watakaolipinga, nao si watu wabaya. Kwa hiyo nitawajibu mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza husema, "Mwafrika hana makao ya wasiojiweza. Makao yake ni ukoo." Neno hili lina heshima yake. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele katika kuwatunza wazee, nami naiheshimu familia inayomtunza mgonjwa wake. Lakini hebu tuingie ndani ya nyumba hizo tuone huo ukoo ni nani. Mara nyingi, ndugu zangu, tunaposema ukoo tunamaanisha mwanamke mmoja. Ni mama, au dada asiyeolewa, au mke wa kaka aliyekuta mgonjwa ndani ya nyumba siku ya harusi yake. Wanaume wa ukoo huja kwenye kikao, hutoa ushauri, na jioni huondoka. Vijana wako Dar es Salaam, au kwenye miwa ya Kidatu, au wamepanda treni ya TAZARA kwenda Mbeya kutafuta maisha. Bonde letu lenyewe limejaa watu waliotoka mbali kuja kulima, na ndugu zao wamebaki mikoa mingine. Wakipatwa na ulemavu au uzee, ukoo gani utawatunza?

Tena tuseme na lile tunaloliogopa. Wakati mwingine ukoo wenyewe ndio unaomtoa mtu nyumbani. Katika bonde hili na kule Ulanga tunaifahamu vizuri desturi ya kumshutumu mzee kuwa ni mchawi na kumpeleka akanyolewe. Anayerudi kutoka huko, kichwa kikiwa kitupu, hurudi katika nyumba ambayo watoto wake wamekwisha kumwonyesha wanavyomfikiria. Tunafahamu pia jinsi mgonjwa wa kifafa anavyotengwa. Dk. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwe aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa kule Mahenge zaidi ya miaka 60 iliyopita, aliwakuta wakila peke yao na kulala peke yao, kwa sababu watu waliamini kwamba mate yao yanaambukiza. Sasa dawa zipo, na watafiti wameonyesha uhusiano kati ya kifafa cha maeneo yale na ugonjwa wa usubi unaoenezwa na inzi wa mitoni. Elimu imeongezeka. Hata hivyo bado ninawaona Wakristo wakiinuka na kuhama benchi mgonjwa anapoanguka kanisani. Kumwachia ukoo kila kitu, bila kuuliza kama ukoo upo, kama una nguvu na kama una upendo, ni njia ya kunawa mikono mbele ya umati.

Wa pili husema, "Makazi ya Serikali yapo." Ni kweli, Serikali ina makazi ya wazee na watu wasiojiweza katika mikoa mbalimbali, na mkoa wetu wa Morogoro umebahatika kuwa nayo mawili: Fungafunga, mjini Morogoro, na Chazi, wilayani Mvomero. Nawashukuru wanaofanya kazi huko. Lakini kutoka Ifakara hadi Morogoro ni zaidi ya kilomita mia mbili. Mtu asiyeweza kujieleza, unapompeleka umbali huo, unamwondolea wote wanaomwelewa. Bibi yule akipanda basi kwenda kumwona mwanawe, atatumia nauli ya chakula cha mwezi. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, inahusu jambo hilihili: mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii kama watu wengine, na kupata pale msaada anaouhitaji ili asitengwe. Tuliuridhia kwa hiari yetu.

Wa tatu husema, "Halmashauri haina fedha." Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa maana hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Sheria inazitaka halmashauri zote nchini zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Siipingi hata kidogo. Ninawajua wenye ulemavu ambao, kwa mkopo wa namna hiyo, wamepata cherehani au kibanda cha biashara na kusimama kwa miguu yao. Lakini mkopo ni kitu cha mtu anayeweza kurejesha. Mwana wa bibi hawezi kurejesha. Mama mwenye ugonjwa mkubwa wa akili anayezunguka sokoni bila kujua jina lake hawezi kurejesha. Mzee aliyepooza hawezi kufuga kuku. Tukisema kwamba tumewahudumia watu wenye ulemavu kwa kuwa tumetenga fedha za mikopo, tumewahudumia walio na nguvu zaidi kati yao, na wale wa chini kabisa tumewaacha kwenye nguzo wakiwa na kamba.

Fedha, kwa hiyo, zinahitajika katika fungu jingine, fungu lisilodai marejesho. Zitoke wapi? Zitoke pale zinapotoka fedha za mambo mengine. Mpunga wa bonde hili hutozwa ushuru. Mbao hutozwa, masoko hutozwa, na stendi hutozwa. Bibi yule naye, katika gunia lake moja analouza, amechangia. Matofali ya kuchoma tunayo hapahapa, mafundi tunao, na viwanja vya umma bado vipo kabla havijaishia mikononi mwa wajanja. Nyumba ya vyumba vitano haiwezi kulishinda baraza la madiwani linaloweza kuzungumzia stendi na masoko.

Nakiri lakini kwamba ugumu hauko kwenye matofali. Jengo huzinduliwa mara moja, kwa utepe na ngoma. Mshahara wa mlezi hulipwa kila mwezi, wala hakuna anayekuja kupiga picha. Ndiyo maana nchi yetu ina majengo mengi mazuri yasiyo na watu wa kuyahudumia. Nikiulizwa nichague kati ya nyumba mpya isiyo na mlezi na nyumba ya kupanga yenye walezi wawili wanaolipwa, nitachagua ya pili bila kusita. Diwani atakayekuja kuniambia, "Baba, tumejenga," nitamuuliza swali moja tu: "Usiku wa leo analala nani pale?"

Wa nne ni wa nyumbani, na huyu ndiye anayenitia aibu. Husema, "Hiyo ni kazi ya Kanisa. Mbona mapadre na masista wapo?" Hapa lazima tuungame sehemu yetu. Wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walifika katika eneo hili mwaka 1921, na Masista wa Baldegg pamoja nao. Kutokana na jasho lao na la wenyeji tulipata shule, zahanati, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara. Tulipata pia Nazareti, makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wazee wetu wanakumbuka hofu ya siku zile. Aliyeonekana na mabaka aliondolewa kwao, na Nazareti ikawa kwao.

Kisha ikaja dawa mseto, katika miaka ya 1980, na ukoma ukawa ugonjwa unaopona. Mwaka 2006 Tanzania ilifikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kutouhesabu tena ukoma kuwa tatizo la afya ya jamii kitaifa. Je, waliopona wote walirudi makwao? Wapo ambao hawakurudi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kurudi. Vidole havikuota tena, mashamba yalikwisha kugawanywa, na watoto walikuwa wamezoea kuishi bila wao. Kwa sababu hiyohiyo baadhi ya makazi ya Serikali ya leo, Chazi ikiwa mojawapo, yalianza kama kambi za ukoma. Bakteria walishindwa, lakini haja ya nyumba ilibaki. Hilo ndilo fundisho la Nazareti, na sisi tuliloishi karibu nalo tulipaswa kulijua kabla ya wengine wote: mtu anaweza kupewa dawa zote na bado akakosa mahali pa kuishi.

Lakini wema wa wamisionari ulituachia pia kasoro moja. Tulizoea kuamini kwamba asiyejiweza ni mtu wa misheni. Serikali ikazoea hivyo, waamini wakazoea hivyo, na mapadre, Mungu atusamehe, tulifurahia kushukuriwa. Sadaka ni kitu kitakatifu, lakini sadaka hupungua njaa inapoingia, na anayeishi kwa sadaka hana la kudai. Mwana wa bibi ni raia. Anahesabiwa katika sensa, na mtaa wake unapogawiwa fedha, kichwa chake kimo katika hesabu. Anachostahili kukipata kwa haki hatuna ruhusa ya kumpa kama hisani.

Tuutazame tena mfano wa Msamaria mwema, tuliouhubiri mara nyingi hata tukauchosha. Sote tunakumbuka mafuta na divai aliyomwagia majeruhi, na tunakumbuka punda. Ni wachache wanaokumbuka kwamba habari haikuishia barabarani. Msamaria alimpeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni, akatoa fedha, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, tena akaahidi kulipa gharama zitakazozidi. Alijua kwamba huruma yake peke yake haitoshi kwa usiku wa pili na wa tatu. Palihitajika paa, palihitajika mtu wa kukesha, na palihitajika malipo. Nyumba ile isingekuwepo, Msamaria angefanya nini? Angemfunga majeraha vizuri sana, akamwacha palepale alipomkuta. Ndivyo tunavyofanya sisi kila Krismasi tunapopeleka sabuni na sukari kwa wasiojiweza, tukapiga picha, tukaondoka.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni ndoto ya Ulaya. Nchi yetu yenyewe, katika miaka ya baada ya Uhuru, ilijaribu vijiji vya kilimo ambako wagonjwa wa akili waliishi na kufanya kazi huku wakitibiwa; Vikuruti, nje ya Dar es Salaam, chini ya Muhimbili, inajulikana kwa kazi hiyo. Zanzibar nayo ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba. Na kule Geel, Ubelgiji, mji uliokua pembeni ya kanisa la Mtakatifu Dymphna, familia zimekuwa zikiwapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao kwa karne nyingi, na siku hizi dola huzilipa kwa kazi hiyo. Tofauti ya mahali hapo na kwetu haiko kwenye moyo. Wao hawakumwachia mwenye moyo gharama zote.

Naongeza onyo moja, nisije nikalaumiwa baadaye kwamba nilifumba macho. Nyumba ya watu wasioweza kusema ni mahali pa hatari ikiwa hakuna anayeikagua. Jean Vanier, Mkatoliki aliyeanzisha jumuiya za L'Arche nchini Ufaransa mwaka 1964, alisifiwa duniani kote kwa kuishi pamoja na watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 2020, baada ya kifo chake, uchunguzi wa L'Arche yenyewe ulionyesha kwamba aliwadhulumu kimwili wanawake waliomwamini. Ikiwa mtu wa sifa hizo aliweza, basi asiaminiwe yeyote bila kukaguliwa, awe padre, sista, au mtumishi wa halmashauri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati hizo zipewe funguo za nyumba hizi, ziingie wakati wowote, zihesabu watu na kuonja uji.

Sasa tufanye nini? Bajeti ya halmashauri haiandikwi mbinguni. Huanzia kwenye mkutano wa kijiji na wa mtaa, hupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, hufika kwenye baraza la madiwani, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai mosi. Katika mikutano hiyo tumezoea kutaja barabara, visima na madarasa, na ni haki yetu. Nawaomba safari hii kila mmoja asimame aseme: andikeni na nyumba, tena andikeni na mshahara wa mlezi. Atakayechekwa avumilie.

Jumuiya ndogo ndogo za parokia hii ninazipa kazi moja kabla ya mwezi kwisha. Tujue, nyumba kwa nyumba, ni watu wazima wangapi wanaofichwa, wanaofungwa, au wanaotunzwa na mtu ambaye mwenyewe yu karibu kufa. Tusiulize dini zao. Na kwa kuwa sisi nasi tuna halmashauri yetu, nitaipelekea Halmashauri ya Walei ombi la kutoa kiwanja kimoja cha parokia kwa ajili ya nyumba ya kwanza, kwa mkataba ulioandikwa, Serikali ikiahidi walezi. Tukikataa kutoa kiwanja, tusiwe na mdomo wa kuwasema madiwani.

Bibi hakukaa sana siku ile. Nilimkaribisha chai, akasema hawezi, jua limepanda. Nilimuuliza kuna haraka gani. Akanitazama kama mtu anayemshangaa mtoto, akasema, "Baba, nimemwacha kwenye kamba." Akaondoka kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake, na mimi sikuwa nimemjibu swali lake.

Bado sijamjibu. Mvua zitaanza tena, na ekari yake moja inamngoja.